Miwani Ishirini Kabatini

Shule ya upili niliyosomea kule Kawangware haikuwahi kupata ajali hata moja ya maabara. Haikuwa na maabara. Mwalimu wetu wa kemia alichora jiko la gesi ubaoni, akalitia moto wa buluu siku ambazo chaki ya buluu ilipatikana, kisha akatuonya tusisogee karibu. Tulicheka, naye akacheka, lakini kanuni zote za usalama alituandikisha kutoka kitabuni, nasi tukazikariri kama sala ya asubuhi. Nilijua jinsi ya kunusa gesi kwa kuipungia mkono kuelekea puani kabla sijakutana na gesi yoyote isipokuwa ile ya mtungi wa mwuza chipsi wa pale steji.

Mara ya kwanza kushika pipeti ilikuwa siku ya mtihani wa taifa. Tulitembezwa kwa mistari hadi shule moja upande wa Riruta, iliyokuwa na maabara ya kweli. Pipeti ni mrija wa kioo wa kupimia kemikali, na siku hizo tuliivuta kwa mdomo, kama soda. Nilivuta kwa bidii mno. Asidi ile, iliyokuwa imezimuliwa kwa maji mengi kwa bahati yangu, ikanifika kooni. Msimamizi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipokuwa, na karatasi ilisema wazi kwamba mtahiniwa hazungumzi. Nikameza. Kisha nikavuta tena, polepole, nikapima, nikapata alama nzuri, na alama hizo ndizo zilizonipeleka chuo kikuu kusomea ualimu wa kemia.

Kazi yangu ya kwanza niliipata Kibera, katika shule ndogo ya Mashimoni. Bado niliishi Kawangware, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka kutoka mtaa mmoja wa mabati kwenda mwingine, nikiwa nimevaa koti jeupe tangu nyumbani kwa sababu nililipenda sana. Wauza mboga waliniita daktari. Sikuwasahihisha.

Na shule ile, ajabu, ilikuwa na maabara. Kilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya mahindi na maharagwe. Wageni kutoka ng'ambo waliokuwa wakiifadhili shule walikuwa wameleta meza ndefu za mbao, bureti kumi za kioo, kizima-moto chekundu, sanduku la huduma ya kwanza na miwani ishirini ya plastiki ya kukinga macho. Walileta pia sinki la chuma lenye mfereji unaong'aa kama kitu cha hoteli. Fundi alilifunga ukutani likakaa sawasawa. Kilichokosekana ni bomba la kulifikishia maji, kwa kuwa bomba la karibu lilikuwa nje ya geti, kwenye kioski cha maji, na halikuwa letu. Basi tuliweka ndoo moja chini ya sinki na nyingine juu ya meza kando yake, na kila asubuhi wanafunzi wa zamu waliijaza ile ya juu.

Kizima-moto kilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, nyuma ya kiti chake, ili kisiibiwe. Iwapo moto ungetokea, utaratibu ulikuwa kwenda ofisini, kubisha hodi na kueleza shida. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na mkasi. Bandeji na dawa zilikuwa zimekwenda na timu ya mpira.

Siku ya kuifungua rasmi maabara tulipigwa picha. Wanafunzi ishirini wa kidato cha tatu walivaa miwani wakainamia bika la kioo lililojaa maji ya rangi ya chungwa, ambayo niliyatengeneza kwa juisi ya unga ya dukani. Picha ilitoka nzuri sana. Wageni walipoondoka, mwalimu mkuu aliniita.

"Mwalimu, hiyo miwani itunze. Wakirudi mwaka ujao waikute ikiwa imekwaruzwa, watasema hatujui thamani ya vitu."

Akanipa daftari, nikatia sahihi: miwani ishirini, imepokelewa ikiwa nzima.

Kwa muda mrefu nimeisimulia habari hii kwa namna ambayo lawama zote zilimwangukia yeye. Si kweli. Aliniambia niitunze, hakuniambia niifungie. Kufuli nililinunua mimi. Ufunguo niliuning'iniza kwenye kamba ya kitambulisho, shingoni, pamoja na jina langu na neno Mwalimu. Nilikuwa mgeni kazini, nimetia sahihi, na niliwajua wanafunzi wangu: miwani kama ile ingekuwa kwenye macho ya waendesha bodaboda kufikia Ijumaa. Kwa hiyo niliiweka kabatini, ndani ya karatasi zake za nailoni, ambako haingeweza kukwaruzwa na chochote. Wala haingeweza kumkinga mtu, lakini hilo sikuliwaza.

Muhula uliofuata tukasikia mkaguzi anakuja. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mchangamfu aliyependa mafaili, na ndani ya siku mbili alikuwa ameniteua mratibu wa usalama wa maabara, kwa barua yenye muhuri. Nikaandika kanuni kumi na tano, zikachapishwa kwa herufi kubwa na kutiwa plastiki, tukazitundika ukutani juu ya sinki. Kanuni ya saba ilisema vyombo vyote vioshwe vikatakate. Kanuni ya tisa ilisema kemikali ikimwingia mtu jichoni, aoshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka. Wanafunzi walizikariri kama nilivyozikariri mimi zamani. Nilijivuna.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole mwenye fomu ndefu. Alisimama mbele ya sinki akaupapasa ule mfereji unaong'aa.

"Wewe," akamwonyesha msichana mmoja aliyekaa mbele. "Kemikali ikikuingia jichoni utafanya nini?"

Msichana yule alikuwa mfupi kuliko wote darasani na mwenye sauti kubwa kuliko wote. Baba yake sikumsikia akitajwa. Mama yake alikuwa akienda kufulia watu nguo mtaa hadi mtaa. Alisimama wima.

"Naosha na maji mingi inatiririka, dakika fifteen bila kuacha, halafu naenda hospitali, sir."

"Vizuri sana," mkaguzi akasema, akaandika hivyo hivyo: vizuri sana. Kisha akanywa chai ofisini, kizima-moto kikiwa karibu naye, akaenda zake. Hakufungua mfereji. Nami sikumwambia aufungue.

Wiki tatu baadaye, Jumanne, nilikuwa na kidato cha tatu vipindi viwili mfululizo. Somo lilikuwa la kupima asidi kwa kuidondoshea besi, tone kwa tone, hadi ibadilike rangi. Besi tuliyotumia ni ile ambayo watu wa Kibera huiita kostiki, inayochanganywa na mafuta kutengenezea sabuni. Inapaswa kuwa hafifu sana. Mizani yetu ilikuwa imeisha betri, nikakadiria kwa kijiko, na nilikadiria kwa ukarimu.

Bureti ni mrija mrefu unaosimamishwa kwenye nguzo juu ya meza, na hujazwa kutoka juu kwa faneli. Meza zetu zilitengenezwa kwa kipimo cha watu warefu wa mahali fulani. Yule msichana alisimama kwa ncha za vidole, bika mkononi, uso umeinuliwa kutazama faneli iliyokuwa juu ya paji la uso wake.

"Ongeza," mwenzake akamwambia. "Bado. Ongeza tu."

Akaongeza. Faneli ikajaa ikafurika.

Kwanza alisema "Ai," kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Kisha akaliziba jicho la kulia kwa viganja viwili akaanza kupiga kelele.

Nakumbuka vizuri kilichofuata kwa sababu darasa zima lilifanya kama nilivyolifundisha. Hakuna aliyekimbia ovyo. Watatu walimshika mabega wakamwongoza hadi kwenye sinki, na mmoja akasoma ukutani kwa sauti, "Maji mengi yanayotiririka," na mwingine akafungua mfereji. Ulizunguka vizuri, bila kukwaruza. Akauzungusha tena hadi mwisho. Wote wakanigeukia.

Niliiendea ndoo. Ndani yake kulikuwa na maji yasiyofika unene wa kidole, yenye povu. Kidato cha pili walikuwa wameosha vyombo asubuhi ile, wakaviosha kweli, kwa mujibu wa kanuni ya saba.

"Twende nje," nikasema. "Kwa kioski. Kimbia!"

Nilimshika mkono tukakimbia uwanjani hadi getini. Soja wetu alikuwa mzee mmoja kutoka magharibi mwa Kenya, mtu wa heshima na taratibu. Alisimama akaweka mkono kwenye komeo.

"Madam, karatasi ya ruhusa iko wapi?"

"Mzee, mtoto anaungua jicho!"

"Naona. Lakini Mwalimu Mkuu alisema hakuna mwanafunzi atatoka bila karatasi. Ni usalama wao wenyewe, Madam." Akatoa kalamu mfukoni akaninyooshea. "Si uandike tu haraka? Hata kwa mkono naweza kubali."

Niliichukua ile kalamu, nikaitupa juu ya ukuta. Msichana alipiga kelele nyingine, na soja akafungua geti huku akitangaza kwa sauti kwamba hajafungua.

Kioski kilikuwa ng'ambo ya njia, hatua arobaini hivi. Mwenyewe alikuwa mama mnene aliyetoka upande wa Ziwa, ambaye nilikuwa nimempita kila siku kwa mwaka mzima bila kumsemesha zaidi ya kumwitikia. Foleni ya mitungi ya maji ilikuwa imezunguka kona.

"Mama, maji! Kemikali imemwingia kwa jicho!"

"Dawa gani?"

"Kostiki."

Hakuuliza lingine. Alichomoa mpira wa maji kutoka kwenye mtungi uliokuwa ukijazwa, akaketi kwenye kigoda chake, akamlaza msichana mapajani kama mtoto anayeogeshwa, uso juu na kichwa kikielekea mfereji wa maji taka.

"Mathe, na mimi?" dada mmoja kijana, mwenye ule mtungi, akamwuliza mama. "Si nilikuwa nimefika?"

"Utangoja."

Alibana kope ya juu kwa kidole gumba na ya chini kwa kidole kingine, akayaacha maji yapite taratibu kutoka upande wa pua kwenda sikioni. Msichana alijaribu kufumba, akapiga miguu.

"Fungua, nyathina," mama akamwambia. Hilo ni neno la kwao, maana yake mwanangu. "Lia vile unataka, lakini fungua."

Mimi, mratibu wa usalama, nilikuwa nimesimama mikono imening'inia. Nilijua kanuni ya tisa neno kwa neno na sikujua mahali pa kushika.

"Wewe mwalimu! Shika kichwa. Shika kabisa, usishike kama yai."

Nikapiga magoti kwenye matope nikamshika. Nilipoinama, ule ufunguo wa kabati ukaning'inia kutoka shingoni mwangu, ukawa unamgonga msichana shavuni, kidogo kidogo, kila nilipojisogeza.

"Na hiyo kitu inacheza-cheza hapo ni nini? Toa!"

Niliivua kamba nikaitupa kando.

Baada ya muda nikatazama saa. "Imefika dakika kumi na tano, mama."

"Dakika za nani?" Alipitisha kidole chini ya jicho la msichana, akakisugua na gumba. "Bado inateleza. Kostiki ikiwa kwa ngozi inateleza kama sabuni. Ikiacha kuteleza ndio imetoka." Akanionyesha mkono wake wa kushoto. Kutoka kifundoni kwenda juu ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa. "Mimi nilikuwa napika sabuni kabla ya maji. Hii ilinifunza."

Chuo kikuu nilikaa miaka minne, na jambo hilo la kuteleza lilikuwemo kwenye vitabu vyangu, sura ya asidi na besi, aya ya kwanza. Nilikuwa nimelifundisha mara nyingi. Sikuwahi kuliona kama kitu cha kumsaidia mtu.

Ndipo maji yakapungua mpirani, yakawa uzi, yakakatika. Hukatika hivyo Mashimoni, bila taarifa. Mama alitazama bomba akasonya. Kwenye foleni kila mtu alijua kwamba maji aliyo nayo mtungini ndiyo ya kumfikisha kesho, labda. Kisha yule dada kijana aliyekuwa akilalamika akauinua mtungi wake wa nusu, akauegemeza begani kwa mama, akaanza kumimina.

"Pole pole," mama akasema.

"Najua, mathe. Angalia jicho, wacha maji kwangu."

Baada yake alikuja mwanamke mwingine, na mwingine. Wa nne alikuwa na mtungi wa kupeleka kwa mgonjwa nyumbani; alimimina nusu akaenda na nusu. Sikumbuki sura zao. Nakumbuka viatu vyao kwenye matope mbele ya macho yangu, na darasa langu lote limejipanga nje ya geti bila karatasi.

Mwisho mama akasugua vidole vyake tena. "Haitelezi," akasema. "Sasa peleka hospitali."

Tulikwenda kwa bodaboda, msichana katikati, tukiwa tumelowa wote wawili. Daktari wa macho alimwinamia muda mrefu na taa yake ndogo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Nani alimwosha?"

"Mwenye kioski cha maji."

"Kwa muda gani?"

"Zaidi ya nusu saa."

"Huyo ndiye aliyempa jicho," akasema. "Mimi nitampa matone tu." Kisha akaniuliza, bila ukali, huku akiandika, "Na miwani? Shule yenu haina?"

"Iko," nikajibu. Alinyanyua macho akanitazama, akaendelea kuandika.

Mama wa msichana alikuja shuleni asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimekesha nikijiandaa kutukanwa. Nilikuwa hata nimepanga mahali pa kusimama. Alikuwa mwembamba, amejifunga leso, viganja vyake vyeupe na vyenye mikunjo kama vya mtu ambaye hatoki majini. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani. Kisha akasema, "Mwalimu, mtoto ameniambia kulikuwa na miwani."

"Ndiyo."

"Naomba nizione."

Nilimpeleka maabara. Ufunguo ulikuwa umeokotwa matopeni na kuoshwa, lakini kufuli lilikataa mara ya kwanza, nikawa nalipapasa yeye akiwa nyuma yangu. Nilipofungua, miwani yote ishirini ilikuwa imelala kwenye rafu kwa safu mbili, kila moja ndani ya nailoni yake. Alitoa moja. Akaifungua taratibu, akaivaa, akageuka kutazama dirisha, meza, bureti, kisha mimi.

"Naona vizuri," akasema.

Aliivua, akaipangusa kwa ncha ya leso, akairudisha kwenye nailoni.

"Nilidhani labda zilikuwa zimeharibika."

Ningempa chochote anitukane. Nilianza kumwomba msamaha, maneno yakanitoka mengi na ovyo, kuhusu daftari na sahihi na wageni, naye alinisikiliza hadi mwisho kama mtu anayesikiliza tangazo la kanisa jingine.

"Daktari amesema apumzike wiki mbili," akaniambia mlangoni. "Akirudi, atavaa."

"Atavaa."

"Na wengine?"

"Wote."

"Sawa basi, mwalimu. Mimi naenda, nimeacha nguo za watu kwa maji."

Mkutano wa walimu ulifanyika Ijumaa. Mwalimu wa dini alipendekeza maombi, tukaomba. Mwalimu wa hesabu alisema tatizo ni kimo cha mwanafunzi, na kwa muda mrefu kikao kilijadili kama wanafunzi wafupi wanafaa kufanya kemia. Mwalimu mkuu aliandika yote. Mwishowe ikapitishwa kanuni ya kumi na sita: mwanafunzi asimimine kemikali juu ya kimo chake. Nakiri ilikuwa kanuni nzuri, bora kuliko zangu zote kumi na tano, na ingekuwa nzuri zaidi wiki moja kabla.

Kisha nikapewa barua. Ilinionya kwa kumtoa mwanafunzi nje ya geti bila karatasi ya ruhusa, kwa kuwaacha wengine watoke, na kwa kupoteza kalamu ya soja. Kuhusu miwani haikusema lolote. Kwenye daftari bado ilikuwa ishirini, nzima. Nilitia sahihi. Nilipotoka, soja alinisimamisha getini akaniambia kwa siri kwamba kalamu alikuwa ameipata, upande wa pili wa ukuta, na bado inaandika.

Jumamosi nilikwenda shuleni na bisibisi. Niliung'oa mlango wa kabati kutoka kwenye bawaba zake, nikaupeleka nyuma ya jikoni, na nikapigilia misumari ishirini kwenye ukuta kando ya mlango wa maabara, chini, mahali ambapo hata mwanafunzi mfupi anafika. Mwalimu mkuu aliona Jumatatu.

"Na ikiibiwa?"

"Itaibiwa, mwalimu."

"Na wageni?"

"Tutawapa moja moja wavae."

Alinitazama kama mtu anayetafuta faili la kuniweka, akaenda. Siku ya tatu, kizima-moto kilikuja maabara chenyewe. Maana yake aliyekileta hakutaka kuonekana.

Moja ya miwani ile ilitoweka kabla ya mwezi kuisha. Niliiona Makina, karibu na msikiti, kwenye macho ya kijana wa bodaboda. Nilimsimamisha. Alinieleza kwa adabu kwamba inazuia vumbi vizuri sana na kwamba aliinunua kwa haki. Nilimwambia nimeifurahia. Nilikuwa nasema kweli, na alifikiri namdhihaki.

Maji ndiyo yaliyokuwa magumu. Mwenye kioski alisema hana shida kutupitishia mpira juu ya ukuta siku za mazoezi, mradi tusiufunge-funge. Mwalimu mkuu alisema mtu asiye mfanyakazi wa shule hawezi kuwa sehemu ya mpango wa usalama. Mpira ulipita hata hivyo, ukaingia kupitia dirisha. Kwenye faili mwalimu mkuu alimwita tu "jirani".

Msichana alirudi baada ya wiki mbili, jicho jekundu kidogo, na kovu dogo jeupe pembeni ya mboni ambalo hulioni mpaka atazame jua. Aliona vizuri kwa jicho hilo. Alichukua miwani ya msumari wa kwanza, akaivaa, na wenzake wakamcheka: "Sasa unakaa fundi wa welding!" Kufikia kipindi cha pili wote walikuwa mafundi wa welding. Bureti niliziteremsha kwenye viti vya chini, wakawa wanazijaza wakiwa wamepiga magoti. Aliyesahau, msichana alimrudisha kwa neno moja, "Chini!" na sauti yake mnaijua.

Kisha mkaguzi akarudi, yule yule, na fomu yake. Aliona miwani, akaandika. Aliona kizima-moto, akaandika. Akamuuliza msichana swali lile lile.

"Tunatumia mpira ya mathe," msichana akajibu, akaonyesha dirishani.

Mkaguzi akatafuta kwenye fomu. Palikuwa na mahali pa sinki, mahali pa bomba, mahali pa chanzo cha maji ya dharura. Mathe hakuwa na mahali pake. "Na hili sinki?" akauliza.

Nilimtazama mwalimu mkuu, naye akanitazama. "Ufungue mfereji, bwana mkaguzi," nikamwambia.

Aliufungua. Alisubiri muda mrefu kuliko sisi tulivyosubiri siku ile, kwa heshima ya ule mfereji. Kisha akaandika kwamba maabara haina maji na isitumiwe hadi yapatikane. Kwa hiyo mwaka tuliokuwa na hatari kubwa tulipata "vizuri sana", na mwaka ambao kila mtoto alivaa miwani tukafungiwa. Sikukasirika. Alikuwa amesema kweli, na mimi ndiye niliyemwomba aiseme.

Bomba bado linasubiriwa. Fomu ilikataza chumba, haikukataza kemia, kwa hiyo siku za mazoezi tunatoa viti uwanjani, kwenye kona ya ukuta ambako mpira unafika, na mwenye kioski hufungua maji kabla hatujaanza na kuyaacha yakichuruzika. Geti la mabati lina matundu, na wanawake wa foleni huchungulia.

Wiki iliyopita kidato cha nne walikuwa wakipima tena ile ile asidi kwa ile ile kostiki, hafifu safari hii, nimeipima kwa mizani yenye betri. Msichana alikuwa amepiga magoti mbele ya bureti yake, anadondosha tone, anatikisa, anadondosha lingine. Kwenye chupa maji yalikuwa meupe. Tone likaanguka, yakawa ya waridi, yakakaa hivyo.

"Imekuwa nini hiyo?" mtu akauliza kutoka tunduni.

"Imefika," msichana akajibu bila kugeuka. Alikuwa anasoma kipimo, jicho la kulia usawa wa mstari.

"Imefika wapi?"

"Mwisho, mathe. Ukiongeza tone moja tu unaharibu."

"Basi wacha kuongeza," sauti ikasema, na foleni ikasogea.